Medali Moja, Shingo Tatu

Tegeni masikio, maana shauri hili mwishoni nitawaachia ninyi.

Huko Mbulu waliishi majirani watatu. Boay alifufua redio zilizokufa. Restituta hakusahau kitu alichokiona hata mara moja. Akonaay alikuwa na nguvu, na akishika kitu amekishika.

Jirani yao, Bibi Theodora, alikuwa anapoteza macho. Daktari alimwambia kufikia mwisho wa mwaka hataona tena. Binti yake Veneranda, ambaye hakuwa amemtia machoni kwa miaka minne, angekimbia marathoni Ulaya, na televisheni ingeonyesha mbio hizo.

"Nimwone mara hii tu," bibi aliwaomba. "Baadaye giza lije likitaka."

Wakaazima televisheni, ungo na king'amuzi. King'amuzi kilikuwa kimekufa. Boay akakifungua, akaunga nyaya moja moja, jasho likimtoka, mpaka taa ikawaka.

Lakini picha haikuja. Walikuwa wameuelekeza ungo mlimani kwenye mnara, kwa sababu mtandao wa simu hutoka huko. Restituta akaangua kicheko.

"Jamani! Ule wa dukani Haydom umelala chali, mpaka kuku wanakunywa maji ya mvua humo. Ulazeni!"

Wakaulaza, wakausogeza kidogo kidogo, na picha ikaja. Hebu fikirieni! Setilaiti, chombo kinachotuletea picha hizo, kiko juu kilomita elfu thelathini na sita, kinazunguka sawasawa na dunia yetu, kwa hiyo kwetu kinakaa palepale bila nguzo wala kamba. Hatua za binti zinapanda hadi huko, zinashuka uani kwa mama yake. Mimi nikiwaza hilo mwili unanisisimka.

Mara upepo ukang'oa nguzo ya ungo. Akonaay akaudaka ungo, akaushikilia vilevile kwa zaidi ya saa mbili, bila kutikisika. Yeye hakuona hata hatua moja ya mbio zile.

Ndani, kwenye televisheni, Veneranda alikata utepe akiwa wa kwanza. Bibi akagusa kioo, machozi yakimtiririka.

"Amekonda mwanangu," akasema.

Veneranda aliporudi nyumbani, macho ya mama yalikuwa yameshazimika. Akamwekea medali mkononi.

"Mama, mvishe aliyekuonyesha mimi."

"King'amuzi kisingewaka, je?" akauliza Boay.

"Na tungeendelea kutazama mlima?" akauliza Restituta.

 Akonaay yeye bado alikuwa anajikanda bega.

Bibi Theodora akainua medali, akapapasa hewani akitafuta shingo.

Je, kama wewe ndiye uliyemshika mkono, ungeupeleka kwa nani?