Makamu Aliyetafutiwa Kitovu

Sogeeni, wajukuu zangu, na wewe Tausi acha kumfinya mwenzako. Zamani hizo, babu wa babu yangu hajaota hata jino, palikuwa na nchi iliyokatwa na mto Mkwasu. Ng'ambo moja watu wa mlimani, ng'ambo ya pili sisi wa bondeni. Sharti lilikuwa moja: mtemi akitoka mlimani, makamu wake atoke bondeni. Azaliwe bondeni kweli, na mkunga wa bondeni asimame barazani aseme, "Mikono hii ilimpokea." Asiposema, hakuna makamu.

Mkunga wa siku hizo aliitwa Bi Sikitu, mjane. Alikuwa na shamba moja tu la mihogo, ndilo lililomlisha yeye na mjukuu wake yatima.

Basi akatawazwa Mtemi Kihoza, mtu wa mlimani. Sisi tukamtaja Mahimbo, tuliyemjua tangu anatambaa. Mtemi hakumtaka. Alimtaka Lubange, shemeji yake, baba mlimani, mama mlimani. Mnajua walifanya nini, watu wale wasio na haya? Walimvusha Lubange mto, wakamjengea nyumba bondeni kwa siku nne, nyasi za paa bado mbichi, wakatangaza kwamba ni mzaliwa wa huku.

Wakamwendea Bi Sikitu na ng'ombe wa maziwa. Akakataa. Wakamwendea na nguo za sikukuu. Akakataa. Wakamwendea mikono mitupu, wakamwambia shamba lile ni ardhi ya mtemi, na mtemi anaweza kulichukua siku yoyote. Hapo aliketi akiitazama mihogo yake, akiwaza mtoto yule atakula nini, na moyo ukamwuma hasa.

Siku ya baraza ikafika. Bi Sikitu akamtazama Lubange, akamwuliza kwa upole, "Mwanangu, kitovu chako kilizikwa wapi?"

"Pale kando ya mto, mama. Nyuma ya nyumba yetu."

Watu wa bondeni wakaguna. Mto Mkwasu, wajukuu zangu, ulifurika kila masika ukabeba kila kitu. Mtu gani wa bondeni angezika kitovu cha mwanawe pale? Vyetu vyote vilizikwa juu, kwenye kilima cha Nsola, na Lubange wa watu hakujua.

Mtemi akainama, akamwambia mkunga kwa sauti ya chini, "Bibi, sema neno moja tu. Kwa amani ya nchi."

"Mtemi wangu," akajibu, "nikisema nilimpokea huyu, wale niliowapokea kweli watakuwa watoto wa nani?"

Mtu mmoja akaenda kusimama nyuma yake. Akafuata wa pili, akafuata wa tatu, hata bonde zima likawa nyuma ya kikongwe yule. Mtemi akaona, akameza mate, akamtawaza Mahimbo.

Mnafurahi? Ngojeni kwanza. Wiki ile ile watu wa mtemi waliing'oa mihogo ya Bi Sikitu, shina kwa shina, mchana kweupe. Na wale waliosimama nyuma yake barazani? Walichungulia madirishani. Wazee wetu hao, na mimi naona aibu kuwa damu yao.

Akaenda kwa Mahimbo. Akamkuta jamvini na mtemi, wanakula. Mahimbo akamwambia, "Mama, vumilia kidogo. Utawala bado mchanga." Akamega tonge jingine.

Bi Sikitu akamtazama sana. "Lubange ningemsamehe," akasema. "Wewe nilikupokea."

Akamshika mjukuu wake mkono, wakaondoka.

Basi mkiletewa kiongozi, msiishie kuuliza amezaliwa wapi. Ulizeni atasimama na nani siku mnyonge akinyang'anywa. Na aliyewasemea, msimwache peke yake kama walivyofanya wale.

Kisa nimekitua hapo. Anayekitaka akibebe, asiyekitaka asikikanyage.