Mbegu Juu ya Mafiga

Wazazi wenzangu, sogeeni mbele kidogo. Na wewe mwenye mtoto anayelia, usitoke nje. Kilio cha mtoto hakijawahi kumkatiza Mungu maneno. Leo nawaletea habari za mama mmoja. Msiniulize ni wa kijiji gani, maana mkigeuka mkatazamana vizuri, huenda mkamkuta ameketi benchi moja na ninyi.

Mama huyo alikaa kwenye milima ya baridi, kule ambako watu hupika ndani na moto wa jikoni hushinda ukiwaka kutwa nzima. Mumewe alikuwa mpasua mbao. Kiwanda kilipofungwa, aliaga asubuhi moja na begi dogo, akaenda mbali kutafuta kibarua. Habari zake zikawa za kudonoadonoa: leo anapiga simu, wiki mbili hapatikani. Mvua nayo ilikuwa imeshika tabia za mgeni asiye na adabu. Usipomwita anakuja, ukimpikia haonekani. Na kila aliyepita njiani alikuwa na habari mbaya ya kumwachia. Huko chini watoto wanaugua. Huko barabarani mtoto wa fulani kapotelea kwenye makundi. Mama akipokea, akifunga kwenye kitenge, akiingia nazo ndani.

Alikuwa na watoto watatu. Mkubwa wao, Tusekile, alikuwa na miaka kumi na mitatu na sauti ambayo akiimba akichota maji, wenye ndoo walisahau zamu zao.

Sasa, katika nyumba ile palikuwa na kitu kimoja kisichoguswa: mbegu ya mwaka. Mahindi meupe yaliyochaguliwa, yakafungwa mawili mawili kwa maganda yake, yakaning'inizwa darini juu ya mafiga ili moshi uyapitie. Yale hayaliwi, hata njaa ikija kukaa sebuleni. Mkila mbegu, mmekula mwaka wa watoto wenu.

Marehemu mama yake ndiye aliyemfundisha kuyatundika. Alimpandisha kwenye kigoda angali msichana, akamwambia, "Mwanangu, mbegu haitaki moto, inataka moshi. Ukiiweka mbali, fukusi wataila. Ukiiweka karibu, utaipika. Nyoosha kiganja chako pale itakapolala, uimbe ubeti mmoja wa wimbo, taratibu, kama tunavyoimba kanisani. Ukiumaliza hujatoa mkono, hapo ndipo mahali pake."

Basi mwaka ule, kabla ya mvua za kupandia, jirani mmoja alikuja na uso umemshuka. Alikuwa Mama Gwamaka, mjane mcheshi, mtu wa kutania hata msibani. Siku hiyo alikaa kwenye kigoda bila kuombwa.

"Mwenzangu, mbegu yangu imekwisha," akasema. "Dumuzi wameingia. Nimeshika hindi mkononi, limenimwagikia unga. Gunzi tupu!"

"Yote?"

"Yote. Wamenisagia bure, hata mashine siendi."

Wote wawili wakacheka, lakini mwenye nyumba alicheka huku macho yake yakipanda darini. Moyo ulikuwa umemlipuka. Kama dumuzi wameshaingia kwa jirani, wako wapi sasa hivi? Si wako njiani?

Kule kwao mbegu hainyimwi. Anayenyima mbegu, huambiwa, hata mvua humpita kando. Akapanda kwenye kigoda, lakini hakugusa yale mazuri ya katikati. Alinyoosha mkono hadi pembeni kabisa, karibu na mlango, ambako moshi hufika umechoka. Akashusha mahindi matano madogo.

Mama Gwamaka akayageuza mkononi. "Haya ni mahindi au ni meno ya panya?"

"Usipoyataka yarudishe."

"Nani, mimi? Nitayabeba mgongoni kama mtoto mchanga. Mungu akubariki, mama Tuse."

Alipoondoka tu, mama yule akafunga mlango. Akayafungua mahindi yote mazuri, akayashusha. Akafunga kamba mpya chini, chini kabisa, kiasi kwamba ukiwa unasonga ugali unayagusa kwa kichwa. Kisha akaongeza kuni. Kutwa moto, siku baada ya siku, wiki baada ya wiki. Jikoni hapakukalika. Watoto walikuwa wakila huku machozi yanawatoka, na yeye akiwaambia, "Vumilieni. Nawatunzia mwaka wenu."

Je, alikuwa mama mbaya huyu? Hebu niambieni. Hakuwa mbaya. Alikuwa na hofu, na hofu ya mzazi mara nyingi huvaa nguo za upendo. Ukikutana nayo njiani utaisalimia shikamoo.

Na kwa hofu hiyo hiyo aliwashusha watoto nao. Wadogo wakakatazwa kucheza kwa jirani. Tusekile akakatazwa kwenda kisimani na wenzake. Akawa anakwenda na mama yake, mchana kweupe, kama mgonjwa anayepelekwa zahanati. Kisha ikafika siku ya kwaya.

"Mama, mwalimu wa kwaya ameniambia niongoze wimbo Jumapili ya kubariki mashamba. Mazoezi ni Jumamosi."

"Utaimbia hapa hapa nyumbani."

"Hapa nani ataniitikia?"

"Nitakuitikia mimi."

"Wewe, mama? Wewe siku hizi unaitikia simu tu."

Mama akasema kwa ukali kuliko alivyokusudia, "Nje kuna mambo, Tuse. Baba yako hayupo. Likikupata la kukupata nitamwambia nini?"

Binti alichukua ufagio akafagia uwanja uliokuwa umeshafagiliwa. Tangu siku ile hakuimba tena, si kisimani, si jikoni. Jumapili ya kubariki mashamba ikaja, wimbo ukaongozwa na mwingine. Mama hakuliona jambo lile. Masikio yake yalikuwa juu, yanasikiliza kama kuna fukusi wanaotafuna mahindi. Hawakuwapo! Hata mmoja. Mahindi yalikuwa yameng'aa kwa masizi, mazima, mazuri. Akajisifu moyoni.

Mvua ikanyesha. Wakapanda, mama na watoto wake, punje mbili mbili kila shimo, na kila shimo aliliombea. Siku ya tano hakuna kitu. Siku ya saba wakasema udongo una baridi. Siku ya kumi mama akaenda shambani peke yake, akapiga magoti, akafukua shimo moja kwa vidole.

Punje ilikuwepo, imevimba. Haina mzizi, haina kichipukizi, inanuka kama kande iliyolala. Akafukua la pili. La tatu. Akafukua mstari mzima.

Alipoinua kichwa, ng'ambo ya ua wa mabingobingo akaona shamba la Mama Gwamaka. Vistari vya kijani, vimenyooka kama watoto wa shule kwenye gwaride. Meno ya panya yameota!

Hapo akalia. Tena alilia kwa maneno: "Bwana, nimekosa nini? Nimetunza usiku na mchana. Yeye nimempa takataka, ukambariki. Mimi nimebaki na bora, ukaninyima. Watoto hawa watakula nini?"

Mama Gwamaka alisikia, akaja anaruka matuta, jembe bado begani. Hakuuliza maswali mengi. Aliichukua ile punje, akaibonyeza kwa kucha, akainusa.

"Mwenzangu," akasema polepole, "hizi ulizitundika wapi?"

"Darini. Juu ya mafiga."

"Juu wapi? Hebu twende."

Wakaenda. Tusekile alikuwa jikoni anapuliza moto. Mama Gwamaka akaitazama ile kamba ya chini, iliyokuwa tupu sasa, nyeusi kama kitako cha sufuria.

Mama mwenyewe ndiye aliyekumbuka. Ile sauti ya marehemu ilimjia pale pale kana kwamba amesimama mlangoni: nyoosha kiganja, uimbe ubeti. Alitaka kunyoosha mkono wake, lakini ulikuwa umejaa udongo, usingesikia joto.

"Tuse," akasema, "nyoosha kiganja chako hapo kwenye kamba. Imba ubeti mmoja. Wowote. Usijiumize, ukiungua utoe."

Binti akamtazama mama yake, akamtazama jirani. Akanyoosha mkono. Akaimba.

Ndugu zangu, ilikuwa sauti ambayo haijasikika nyumba ile kwa miezi miwili. Hata mdogo wake aliyekuwa nje alikuja mbio akasimama kizingitini. Mstari wa kwanza ukapita. Wa pili ukaanza, na katikati yake sauti ikakatika. Binti akavuta mkono, akaupuliza.

"Nimeshindwa, mama. Panaunguza. Hapa mtu haimbi akamaliza."

Mama akamtazama mtoto wake anavyopuliza kiganja. Akatazama kamba. Akamtazama mtoto tena. Na hapo, wapendwa, ndipo alipoelewa ni mbegu ngapi alizokuwa amezishusha mwaka ule.

Akaketi chini kwenye majivu. "Nilikuwa nazipika," akasema. "Nilidhani nazitunza, kumbe nazipika."

Mama Gwamaka naye akaketi, akamweka mkono begani. "Na mimi zangu niliziacha mbali mno, nikapiga soga, zikaliwa. Wote tuna makosa, mama Tuse. Lakini sikiliza. Yale mahindi matano nilipanda matatu tu. Mawili nimeyaweka ya kupandia mapengo. Nimetembea shamba zima leo, pengo sijaliona. Nakuletea sasa hivi. Shamba lote halitatosha, lakini matuta ya karibu na nyumba yatajaa, na mvua bado ipo."

"Meno ya panya," mama akasema, na katikati ya machozi kicheko kikamponyoka.

"Hayo hayo! Yaliyokaa mlangoni."

Wakapanda jioni ile ile, mikono sita. Jumamosi ilipofika, mama akamfunga binti yake kilemba vizuri, akamwambia, "Nenda kwenye mazoezi."

"Peke yangu?"

"Na wenzako. Watakupitia."

Msidhani hofu ilikuwa imemtoka. Haikumtoka. Baba wa watoto bado simu haipatikani, na wapita njia bado wana habari zao mbaya. Alimsindikiza hadi kwenye kona ya njia, miguu ikataka kuendelea, akaikataza. Akasimama pale, kwa umbali ule, hadi upepo ukamletea sauti za watoto wanaimba ng'ambo ya kijito. Akasikiliza, akahesabu mistari. Wa kwanza. Wa pili. Wa tatu. Wa nne. Ubeti ukaisha, na mtoto wake hakuwa amevuta mkono.

Nanyi mlioketi hapa, mnaocheka na kufuta macho, mnadhani nimemsema mtu mwingine?

Sisi ndio tulioshusha kamba. Nyakati zimekuwa mbaya, kweli, sikatai. Kazi zinafungwa, mvua inatudanganya, simu zinaleta mambo ambayo babu zetu hawakuyaota. Ni mzazi gani asiyeogopa? Aliyekwambia mwamini haogopi, huyo hajawahi kumngoja mtoto aliyechelewa kurudi. Mungu hatukasirikii kwa kuogopa. Lakini kila usiku tunapowakusanya watoto na kuwamwagia vitisho vyetu vyote, kila tunapowauliza "ukifeli tutakula nini?", kila tunapowakataza jua kwa sababu kuna kivuli, tunaongeza kuni. Nao hawaozi, la. Kwa macho ni wazima, wanang'aa, wanakaa kimya, majirani wanawasifu kwa adabu. Ngoja siku ya kuwapanda uone.

Wala sisemi tuwatupe nje kwenye fukusi. Msinielewe vibaya, wababa. Maana wengine mkisikia hivi mtakwenda kukaa kijiweni mseme mmewaachia nafasi. Moto lazima uwake nyumbani. Moshi wa maombi uwafikie, wa maonyo uwafikie, wa chakula cha pamoja uwafikie hata kama ni mboga bila mafuta. Lakini mbegu ina mahali pake, na Aliyeiumba anapajua kuliko sisi. Sisi kazi yetu ni kutunza moto, kuotesha ni kazi yake. Tukitaka kushika zote mbili, tunaunguza mbegu na tunajiunguza wenyewe.

Na wewe ambaye unasema moyoni, "Nimechelewa, wangu nimeshawaunguza," sikia. Mama yule alipewa mbegu tena, na alipewa kutoka kwenye kile kidogo alichokuwa ametoa bila kukithamini. Mungu wetu huwa na mahindi mawili kwa jirani. Usione haya kwenda kubisha hodi. Na wewe jirani, usipande yote.

Basi mkifika nyumbani leo, kabla ya kukagua daftari, kabla ya kuuliza umetoka wapi, fanyeni kipimo kimoja tu. Mwambie mwanao aketi karibu nawe, karibu kabisa na hofu yako, aimbe ubeti mmoja. Kisha nyamaza, usikilize kama ataumaliza.