Visima vya Bibi Tembo

Paukwa!
Pakawa!
Pakawa nini?
Pakawa mto usio na maji!
Na maji yaliko anayajua nani?
Anayajua mwenye kunusa!

Hapo zamani, watoto wangu, palikuwa na kijiji kando ya mto wa mchanga. Kiangazi kikiingia, Bibi Tembo alikuja na wanawe. Akanusa mchanga, akachimba kwa mguu, akachimba kwa mkonga, akangoja maji yatulie. Akanywa. Wakanywa swala, wakanywa ndege, kisha watu wakachota. Desturi ilikuwa moja: ukishachota, kisima unakiacha wazi kwa anayekuja nyuma yako.

Katika kijiji hicho aliishi mama mmoja, Sechelela, hodari wa kulima na hodari zaidi wa kusema. Mwaka mmoja tembo walipita pembeni mwa shamba lake, wakamlazia mtama mistari mitatu.

Sechelela akasimama mkutanoni. "Jamani, hawa tembo wana faida gani kwetu? Kazi yao kula, kukanyaga na kujaza mavi njiani!"

Watu wakacheka, wakapiga makofi. Mzee Chiwanga, mkuu wa kijiji, akauliza, "Na visima, mama?"

"Visima vimekwishachimbwa, babu. Mchimbaji wa nini tena?"

Wakacheka zaidi. Asubuhi wakaziba visima vyote vitatu kwa miiba, tembo wasinywe; wao wakawa wanaisogeza wakichota.

Bibi Tembo akaja. "Sechelela, umeziba nini?"

"Nimeziba changu."

Siku ya pili akaja. "Sechelela, umeziba nini?"

"Nimeziba changu."

Siku ya tatu akaja. "Sechelela, umeziba nini?"

"Nimeziba changu! Masikio makubwa namna hiyo, na husikii?"

"Nimesikia, mwanangu." Akageuka, akaenda zake na wanawe.

Maji yakazidi kushuka chini. Kisima cha kwanza kikakauka. Cha pili kikakauka. Cha tatu kikakauka. Wanaume wakachimba hapa, mchanga. Wakachimba pale, mchanga. Wakachimba kule, mchanga, na mpini wa jembe ukavunjika. Kunusa hakuna aliyejua.

Hakuna aliyemgombeza Sechelela. Jirani yake Mbeleje alipita amebeba mtoto, midomo ya mtoto imepasuka kwa kiu, akamsalimia vizuri tu. Salamu ile ikamchoma kuliko tusi.

Akachukua kibuyu, akafuata nyayo. Akamkuta Bibi Tembo mbali sana, kando ya kisima kipya. Bibi Tembo hakumuuliza kitu. Aliwasogeza wanawe pembeni, wasinywe bado.

"Chota, mwanangu. Umetoka mbali."

Lau angetukanwa, angejibu, kujibu alikujua. Akapiga magoti, akachota, uso hauinuki.

"Bibi, ni mimi niliyesema huna faida."

"Najua. Masikio yangu si makubwa?"

Sechelela akakiacha kisima wazi. Kesho yake akasimama mkutanoni, akitazama vidole vyake vya miguu. "Niliyesema ni mimi. Miiba nitaitoa mimi."

Hakucheka mtu. Wote walikuwa wamepiga makofi. Wakaitoa pamoja.

Tembo wakarudi. Mtama wakaulaza tena, mara mstari mmoja, mara mistari miwili, mpaka Sechelela akahamisha shamba mbali na njia yao. Na mtoni akawa wa mwisho kuchota, hadi uzeeni.

Hadithi yangu naiacha wazi hapa, anayekuja nyuma achote. Funzo lake: kabla hujauliza mnyama wa porini ana faida gani, kumbuka kwanza ulichokunywa. Nami koo limenikauka. Nani amekaa karibu na mtungi? Haya, asiuzibe!