Fisi na Wagongaji Arobaini

Mwaka ule jua lilipika hata mawe. Anayesema ameona kiangazi kikali kuliko kile ni mwongo, mwache apite. Wanyama wote walikonda ila Simba, maana mfalme hakondi mbele za watu. Alijilaza juu ya kichuguu kikubwa, akakiita kiti chake.

Ndani ya kichuguu hicho waliishi mchwa, nao walikuwa na desturi yao. Kila alfajiri askari mmoja, Mzee Gogota, aligonga ukuta mara tatu kwa kichwa chake. Mchwa aliyechakaa, au mwenye ugonjwa wa kuambukiza wenzake, alijua ndiye anayeitwa. Akaaga, akatokea mlango wa nyuma, asirudi. Hakuna aliyemsukuma. Waliobaki walipata nafasi na chakula, Bibi Malkia akazaa wengine, nyumba ikaendelea.

Na pale mlango wa nyuma nani alingoja mdomo wazi? Fisi, nani mwingine.

"Wanane kwa siku," alinung'unika. "Hawa hata pengo la jino hawalijazi."

Akaenda kwa Simba akipepesa macho kama bibi harusi. "Mfalme, kiti chako kimedumaa. Wazee wamejazana humo, ndiyo maana hakikui. Mgongaji mmoja ni nini? Amuru wawe arobaini."

Simba kusikia kiti chake ni kifupi, manyoya yakamsimama. Akaamuru.

Kesho yake vichwa arobaini viligonga kutwa. Nani angesema, "Mlio huo si wangu"? Wazima wakatoka. Vijana wakatoka. Wengine walitoka na udongo wa kujengea bado mdomoni. Fisi akala mpaka kupumua kukawa kazi.

Siku ya tano kichuguu hakikuwa kimeongezeka hata upana wa ukucha. Kuta zilipasuka, wa kuziba hakuna. Bibi Malkia akatuma ujumbe kwa Sungura: "Mwanangu, bado siku mbili niwe malkia wa vumbi."

Sungura akaja, akagonga ukuta kwa kidole. Ukalia kama kibuyu kitupu. Akacheka peke yake, akamwendea Fisi.

"Shikamoo, mjomba. Naona unanenepa, ila ujinga haupungui."

"Marahaba. Nimekukosea nini?"

"Unangoja mlangoni kama ombaomba, na ndani yumo Bibi Malkia, mnene kama kiazi kikuu. Wa kukuzuia si umeshawala?"

Mate ya Fisi yalimjibia. Chumba cha Malkia kiko chini kabisa, kigumu kama jiwe. Sungura alilijua hilo, Fisi hakuuliza. Akachimba, akaingiza kichwa, akaingiza mabega, tumbo likakwama. Akajisukuma.

Kichuguu kikatitia. Mfalme akashuka nacho mzimamzima, makalio yakatua kwenye kiuno cha Fisi.

Simba akainuka, vumbi hadi puani. "Nani kabomoa kiti changu?"

"Mimi mdogo, Bwana Mkubwa, sijui mambo," alisema Sungura. "Muulize huyo uliyemkalia. Ndiye fundi."

"Ni wale wagongaji, Mfalme," Fisi alisema kutoka udongoni.

"Waliletwa na ushauri wa nani?" Simba alinguruma.

 Akamvuta Fisi mkia, akamchapa makofi, akamfukuza nchi ile na njaa yake.

Wagongaji thelathini na tisa wakapewa kazi ya kubeba udongo. Alfajiri, Mzee Gogota akagonga peke yake mara tatu. Wakatoka wawili tu, wazee kwelikweli, na Bibi Malkia akaanza kuzaa upya.

Nawe ukumbuke: ngoma ikilia sana hupasuka.