Chui Alivyomsindikiza Mzee Tishio

Hapo zamani za kale, mji ulipokuwa wa wanyama watupu, nao wakipanga vyumba, wakigombania foleni bombani na kusemana madirishani, paliishi nguchiro mmoja mjane aliyeitwa Mama Sikujua. Mdogo, wanangu! Akisimama nyuma ya ndoo, humwoni. Alikuwa na watoto watano, jiko moja, na usingizi wa miaka mingi ambao hajapata nafasi ya kuulala.

Katika chumba cha jirani yake aliishi mbwa mzee, Mzee Tishio. Huyu alikuwa mlinzi wa kinu cha unga tangu ujanani. Enzi zake akibweka, hata chawa walihama. Lakini sasa macho hayaoni gizani, pua imeziba kwa vumbi la unga, na miguu imevimba. Kilichobaki kizima ni mdomo.

Mganga Korongo alimpima, akamwambia, "Mzee, tembea kila siku. Usipotembea, hiyo miguu itakugeuza gogo."

"Nitatembea," akajibu Mzee Tishio, "lakini usiku. Watu wanione mchana nashikwa mkono na nguchiro? Wee! Mimi Tishio!"

Mama Sikujua akaguna. Usiku mjini si wa kuchezea. Lakini mchana, yeye akiwa sokoni, ni mzee huyu aliyekaa mlangoni na kuwaangalia wale watoto watano. Utamwambiaje mtu wa namna hiyo, "Kaa uwe gogo"?

Basi kila jioni wakishakula, Mama Sikujua aliwafungia watoto komeo, akajifunga kanga, akampa mzee pindo la kanga ashike. Wakatoka hivyo, mdogo mbele, mkubwa nyuma. Wakaenda hadi kinuni, wakarudi. Njia ile ile, saa ile ile.

"Mzee wangu, leo tupite njia ya sokoni," Mama Sikujua husema.

"Njia ya sokoni siijui kwa miguu. Hii naijua hata nikilala."

"Basi angalau punguza sauti."

"Sauti ipunguzwe na mwenye hatia! Nilikwambia nilivyomkamata yule ngiri na kiroba cha sembe? Nilimwambia, Weka chini! Akaweka!"

Sauti ilipanda juu ya mabati, ikavuka mtaro, ikaenda hadi machimbo ya kokoto. Na huko machimboni, penye mwamba mwekundu, alikaa Chui mwenye kovu puani, ambaye Mama Sikujua alizoea kumwona kwa mbali akienda sokoni. Nyote mnajua, wanangu, chui na nyama ya mbwa ni kama paka na dagaa. Chui alisikiliza sauti ile siku ya kwanza, ya pili, ya tatu. Akamwita rafiki yake Fisi.

"Wanapita wakati huu huu kila siku," Chui akasema. "Wewe kaa mtaroni, nyuma ya ghala, pale penye giza. Mimi nitawaleta kwa adabu. Wakifika, ruka. Mguu mmoja wako."

"Miwili," Fisi akasema.

"Mmoja, na utumbo."

"Heee-he-he! Sawa."

Siku ile Mama Sikujua alitoka nyumbani moyo ukimdunda bila sababu. Alirudi mlangoni mara mbili kuangalia komeo. Njia nzima aligeuka nyuma, akainua pua, akashusha, akainua tena. Mbu walilia, jani lilianguka, naye akaruka.

"Una nini leo? Unanivuta kama ndoo kisimani," Mzee Tishio akalalamika.

"Sina kitu. Twende upesi, nimeacha maharage ya kesho motoni."

Walipofika kinuni na kugeuka, kukasikika: Paa! Chwaraa! Taa ya barabarani ikavunjika. Giza likaanguka kama gunia. Kisha kwa mbali, upande wa mtaroni, kikapita kicheko kimoja kilichokatwa katikati: "Heee-h..."

Manyoya ya Mama Sikujua yakasimama, mkia ukawa mnene kama ufagio.

"Taa imezimika?" Mzee Tishio akauliza. "Kwangu mimi ni sawa tu."

Hapo mbele yao yakawaka macho mawili. Sauti laini ikasema, "Hamjambo, jamani? Dada yangu, giza lote hili na mzee wa watu! Njia ni mbaya leo. Niruhusuni niwasindikize."

"Nani huyo?" Mzee Tishio akauliza.

"Ni mimi kijana wako, Chui. Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu! Umeona, Mama Sikujua? Kumbe vijana wenye adabu bado wapo!"

Mama Sikujua alifikiri kwa haraka, maana hana kingine cha kufikiria nacho isipokuwa haraka. Pale ukutani palikuwa na tundu. Yeye angeingia, chuu! na Chui asingepata hata unyoya. Lakini Mzee Tishio angeingia wapi? Hata kichwa chake kisingepita. Kupiga kelele? Kabla jirani mmoja hajafungua komeo, mzee angekuwa kooni. Na njia ya sokoni mzee haijui kwa miguu, hivyo kufika nyumbani ilibaki njia moja tu: mtaa wa nyumba, halafu kipande kile cha giza kando ya mtaro, halafu mlango wake.

Akasema, "Ahsante sana, Bwana Chui. Mungu akubariki. Ila kuna jambo moja linanitia aibu."

"Sema, dada."

"Mimi ni mjane. Mtaa huu una midomo kuliko milango. Nikionekana usiku natembea na mwanamume mgeni, tena kijana mzuri kama wewe, kesho bombani sitachota maji. Nitachotwa mimi! Itabidi tupitie majirani wawili watatu, wakuone, wakusalimu. Ndiyo heshima ya mjane."

Chui akakunja uso gizani. Lakini amekwisha kuitwa kijana wa adabu, na mwenye adabu akatae salamu? Akasema akibana meno, "Haidhuru. Upesi tu."

Mlango wa kwanza ulikuwa wa Kobe, mwenye genge la nyanya.

"Hodi! Hodi kwa Mzee Kobe!"

"Nani saa hizi?"

"Mimi Mama Sikujua, na Mzee Tishio. Tunasindikizwa na Bwana Chui!"

Komeo la dirisha likakwaruza. Kisha dirisha likafunguka kwa upana wa kidole. "Chui yupi?"

"Chui tu, mzee," Chui akasema. "Wa... wa ng'ambo."

"Ng'ambo ipi? Ng'ambo ziko nyingi. Wewe ni wa nani? Mama yako nani?"

Kobe hana haraka, mnamjua. Akiuliza ukoo, anaanzia kwa babu.

"Si huyu wa machimbo ya kokoto, Mzee Kobe!" Mama Sikujua akadakia, sauti juu. "Mwenye kovu puani! Anakaa pale penye mwamba mwekundu. Si ndiyo, Bwana Chui?"

"Eee... ndiyo," Chui akanong'ona.

"Sema kwa sauti, mwanangu, mzee hasikii!" akaamuru Mzee Tishio.

"NDIYO!"

"Ahaa," Kobe akasema taratibu. "Machimboni. Mwamba mwekundu. Kovu puani. Nimekuweka kichwani, mjukuu wangu. Nendeni salama."

Wakaendelea. Chui alianza kutembea kama aliyekanyaga miiba. Mama Sikujua hakumtazama. Masikio yake yalikuwa mbele, kule mtaroni, yakisikia kitu kikijikuna gizani: kwaru, kwaru.

Mlango wa pili ulikuwa wa Bata, fundi cherehani, aliyekuwa bado anashona sare za shule. Trrr, trrr, trrr.

"Hodi, fundi! Nimekuja na mgeni!"

Bata akatoka na taa ya chemli, miwani puani. Akaiinua taa hadi usoni kwa Chui.

"Hebu geuka. Geuka tena. Lo, hili shati nani alikushonea? Bega moja limepanda mlimani! Njoo kesho nikupime. Na hawa unawapeleka wapi?"

"Kwao," Chui akasema, akikwepa mwanga.

"Hadi mlangoni?"

"Hadi mlangoni."

"Vizuri. Maana huyu Mama Sikujua ananidai gauni la binti yake. Kesho asipokuja kulichukua, nitakuja kukuuliza wewe, bwana wa shati la mlimani. Kwak!"

Chui akarudi nyuma hatua moja. Akamwinamia Mama Sikujua sikioni. "Dada, wametosha sasa."

"Bado mlango mmoja, kaka yangu. Hawa ndio wanaonisema kuliko wote."

Mlango wa tatu ulikuwa wa akina Punda, ndugu wawili wanaouza maji kwa mikokoteni. Kifua cha mmoja wao kilijaza mlango wote.

"Mama Sikujua! Na mzee! Na huyu? Ngojeni tuvae viatu, tuwafikishe wote."

"Msisumbuke!" Chui akaruka. "Mmeshinda na mikokoteni kutwa. Mimi mmoja natosha."

"Una hakika?"

"Hakika kabisa!"

Mama Sikujua aliona kucha za Chui zimechomoza karibu na koo la mzee; kabla viatu havijavaliwa, mambo yangekwisha. Akapaza sauti, mtaa mzima usikie. "Mmemsikia! Bwana Chui wa machimboni amesema anatosha! Amesema tukipungukiwa hata unywele, aulizwe yeye!"

"Sikusema..."

"Umesema au hukusema, mwanangu?" Mzee Tishio akauliza. "Mwanamume hamezi neno lake!"

Madirisha yalikuwa yamefunguka huku na huku. Macho yalikuwa mengi kuliko nyota. Chui akatazama juu, akatazama chini.

"Nimesema," akasema.

"Basi," Punda mkubwa akasema, akagonga sakafu kwa kwato, ngo! ngo! "Ukiwafikisha, wewe ni ndugu yetu. Usipowafikisha, machimboni si mbali."

Nyumba zikaisha. Mbele kulikuwa na ghala, mtaro, na giza la kukata kwa kisu. Chui akasimama.

"Dada, mimi naishia hapa. Nimekumbuka nina shughuli."

"Shughuli gani usiku? Nenda, kaka, sikuzuii. Ila kitu kikitupata hapo mbele, majirani watauliza, Walikuwa na nani? Na wote wanajua walikuwa na nani."

Chui akajikuna shingo. Akatazama nyuma: taa ya Bata ilikuwa bado inaning'inia mlangoni. Akatazama mbele: Fisi yumo mtaroni, tumbo tupu, masikio mazito, na amri aliyopewa ni moja. Ruka.

"Tembea," Mzee Tishio akasema. "Miguu inaniuma nikisimama."

Mama Sikujua akamvuta mzee nyuma yake, akasema, "Bwana Chui, tangulia." Moyo wake ulikuwa ukipiga kama mchi kinuni, na kila unyoya ulimwambia kimbia. Hakukimbia.

Hatua moja. Ya pili. Ya tatu.

"HEEE-HE-HEEE!"

Fisi akachomoka mtaroni kama jiwe la manati, meno wazi, moja kwa moja kwenye koo la Mzee Tishio. Na Chui, ambaye mtaa mzima ulijua jina lake, kwao na kovu lake, akafanya jambo ambalo hajawahi kulifanya maishani. Akamruka Fisi kumwokoa mbwa.

Puu! Garagara! Vumbi! Tope! Nguo chwaa!

"Chui! Una wazimu? Ni mimi!" Fisi akalia.

"Simjui huyu!" Chui akapiga kelele kuelekea madirishani. "Simjui kabisa!"

"Hunijui? Si wewe uliyeniambia nikae hapa? Mguu mmoja na ut..."

"Nyamaza!" Pa! Pa! Kofi la kushoto, kofi la kulia. Fisi akaumwa mkia, akamuuma Chui tako, akavuka mtaro akikimbia upande upande, akilia na kucheka kwa pamoja kama ilivyo desturi yake.

"Mpige! Mpige, mwanangu!" Mzee Tishio alikuwa akipiga kelele, akibweka kuelekea ukutani. "Ningekuwa kijana ningekusaidia! Weka chini! Weka chini!"

Wakafika mlangoni. Ndani, watoto walisikika wakigombania mto. Mama Sikujua akamsukuma mzee ndani kwanza, kisha akaingia yeye, akabakisha upenyo wa mlango mwembamba kama yeye mwenyewe.

Chui akasimama nje, shati nusu, anahema. "Wewe nguchiro. Ulijua tangu lini?"

"Tangu taa ilipovunjika," akasema Mama Sikujua. "Mtu mwenye nia ya kusindikiza wenzake haanzi kwa kuvunja taa. Usiku mwema, kaka. Kesho tunatoka mapema, tena kwa njia nyingine, na sikwambii ipi."

Komeo likaingia: kla!

Mzee Tishio alikuwa amekwisha kukaa kitandani, anawasimulia watoto jinsi walivyompiga Fisi, yeye na kijana mmoja. Mama Sikujua hakumsahihisha. Alikuwa jikoni, anakwangua maharage yaliyoungua.

Na Chui? Alikuwa na njia moja tu ya kurudi kwao, na njia hiyo ilipita mbele ya milango ile ile.

"Umewafikisha?" wakauliza akina Punda.

"Nimewafikisha."

"Mbona huna mkono wa shati?" akauliza Bata.

"Nimejikwaa."

"Pole. Njoo kesho nikupime, sasa kwako nakujua."

Na Kobe, ambaye ndiyo kwanza alikuwa anaanza kufunga dirisha lake, akatoa kichwa nje taratibu, akasema, "Ahsante, mjukuu wangu. Tumesikia ulivyosimama kiume. Basi mtaa umekubaliana: kuanzia sasa, kitu chochote kikimpata mbwa yeyote mjini hapa, tutakuja kukuuliza wewe kwanza."

Funzo lake, wanangu: Usitembee gizani na mtu asiyejulikana na jirani yako hata mmoja.