Firigisi ya Mwenye Nyumba

Ngano, ngano!
— Ngano na ije!
Ije na nini?
— Ije na utamu wake!
Na chumvi je?
— Chumvi tutaonja wenyewe!

Basi sogeeni. Wewe mwenye miguu mirefu, ikunje, mwenzio apate pa kukaa. Hapo kale, zama majogoo wakiwika kwa zamu ili wasigombane, palikuwa na mji uitwao Mcheleni. Katika mji ule palikuwa na nyumba, na katika nyumba ile palikuwa na mwanamke, jina lake Mize.

Mize alikuwa na mume, Makame. Walikuwa na watoto watatu. Wa kwanza Kombo, mvulana wa magoti yasiyopona. Wa pili Zuwena, msichana wa mdomo usiofungwa. Wa tatu Chumu, kitinda mimba, kitoto kisichojua kutembea ila kukimbia.

Sasa, mji ule ulikuwa na ada yake. Siku ya Idi ndogo kila nyumba huchinja jogoo, na jogoo yule hugawanywa kwa ada. Mapaja ni ya watoto. Kidari ni cha wageni. Na firigisi, ile nyama ndogo inayolia mdomoni ukiitafuna, firigisi ni ya mwenye nyumba. Tena firigisi haikatwi! Wazee walisema, ukikata firigisi umekata nyumba.

Na mwenye nyumba ni nani? Hakuna aliyeuliza. Mwenye nyumba ni mwanamume aliyekaa mbele ya sinia.

Na mpishi je? Fungu la mpishi ni lipi? Semeni, msione haya! Ehe, shingo. Shingo na ukoko. Na hivyo huvila amesimama mlangoni mwa jiko, vimeshapoa, mtoto mmoja kiunoni na mwingine kamshika kanga.

Mize alikuwa amepika Idi kumi na mbili katika nyumba ile. Alikuwa amekula shingo kumi na mbili.

Ikafika Idi ya kumi na tatu. Tangu alfajiri nyumba haikupumua.

"Mama, kofia yangu iko wapi?"

"Juu ya kabati, Kombo."

"Mama, Kombo ananiangalia!"

"Kombo, usimwangalie mwenzio."

"Mama, Chumu kaingia kwenye pipa la unga!"

"Mtoe, Zuwena. Mkung'ute. Unga mwingine uurudishe."

Na kutoka chumbani, sauti nzito: "Mama Kombo, kanzu yangu mpya iko wapi?"

"Umeivaa, Baba Kombo."

Kweli, alikuwa ameivaa. Mnacheka? Wewe dada wa pale nyuma, unacheka sana, naona kwenu yako hayohayo.

Makame alimchinja jogoo. Haki yake tumpe, alichinja vizuri. Kisha akanawa mikono, akakaa kitini, akanyoosha miguu, akasema, "Idi hii imenichosha kweli."

Mize akamnyonyoa jogoo, akaitwa. Akatwanga bizari, akaitwa. Akachambua mchele, akaitwa. Kila akiitwa alikwenda, na kila akirudi alikuta moto umezimika, akaupuliza upya mpaka macho yakawa mekundu.

Saa ya kuonja chumvi ikafika. Akachota mchuzi kwa upawa, na ndani ya upawa ikaja firigisi. Imeiva, inang'aa, inanukia iliki na tangawizi. Mize akaitazama, akaiambia, "Wewe, miaka yote hii tunaonana, na hatujuani."

Roho yake ikaitaka. Si kwa njaa, jamani. Njaa angeituliza kwa andazi. Mize alitaka sikukuu moja tu aketi na watu, ale kitu cha moto kilichowekwa kwa ajili yake. Hilo tu. Akameza mate, akairudisha chunguni.

Mwaka ule walikuja wageni wawili. Wa kwanza Khatibu, kaka mkubwa wa Makame, mtu wa tumbo na maneno. Wa pili Vuai, kaka yake Mize, aliyetoka kisiwa cha pili na mfuko wa mapulizo, yale maputo ya watoto. Watoto wakapewa mapulizo na Mjomba Vuai, wakapewa filimbi na Ba'mkubwa Khatibu, wakatoka nje kuonyeshana nguo mpya na wenzao.

Wanaume wakatandikiwa mkeka. Sinia likashuka. Wakanawa, wakasema Bismillahi. Mikono mitatu ikaenda kwenye sinia, na mikono mitatu ikakutana juu ya firigisi.

Lahaula!

Makame akasema, "Jamani, mwenye nyumba ni mimi. Ndimi ninayelala humu."

Khatibu akasema, "Nyumba hii aliijenga baba yetu, na mkubwa wake ni mimi. Mwenye nyumba ni mimi."

Vuai akasema, "Mgeni njoo, mwenyeji apone. Nimevuka bahari natapika, sikuvuka kwa ajili ya kidari. Leo mwenye nyumba ni mimi."

Hakuna aliyetoa mkono. Mchuzi ukawa unawatiririka viwikoni. Mimi nawauliza, watu wazima watatu, na firigisi haifiki hata ukubwa wa yai la njiwa!

"Mize!" akaita Makame. "Njoo utuamulie. Wewe huna upande."

Mize akaja, anafuta mikono kwa kanga. "Kwa nini sina upande?"

Vuai akacheka. "Dada yangu, si wewe hupenda shingo?"

"Nani kakwambia?"

"Kila Idi unakula shingo!"

"Na punda kila siku anabeba mawe," akasema Mize. "Nani alimuuliza kama anayapenda?"

Makame akamgeukia mkewe, macho yamemtoka. "Hupendi shingo? Miaka yote kumi na miwili?"

"Miaka yote kumi na miwili. Nilikuwa natafuna hasira."

Maneno yale yalimwingia Makame, nasema kweli, yalimwingia. Lakini Khatibu akakohoa, akasema, "Shemeji, pole sana. Ila ada ni ada. Firigisi ni ya mwenye nyumba."

"Sivunji ada," akasema Mize. "Nani kasema navunja ada? Tumtafute huyo mwenye nyumba, ale haki yake."

Sikilizeni sasa, hapa ndipo palipo na mambo.

Mize akaichukua firigisi kutoka mikononi mwao. Akaitia kwenye kikaango kidogo, akakiweka juu ya seredani yenye makaa machache, akafunika, isije ikapoa. Kisha akasema, "Wakubwa huzungumza wapendavyo. Tuwaachie watoto. Watoto wako nje, hawajui lolote. Mtoto akipatwa na shida huja ndani kumtafuta mwenye nyumba. Yeyote humu ndani atakayetafutwa na watoto wote watatu, huyo ndiye. Mnakubali?"

Khatibu akapapasa ndevu. Akafikiri, mkono mtupu haulambwi, na mimi nimewapa filimbi. "Nakubali."

Vuai akafikiri, mapulizo yangu yanashinda filimbi. "Nakubali."

Makame akafikiri, damu nzito kuliko maji. "Nakubali!"

"Apeni."

Wakaapa, mmoja, wawili, watatu.

"Msitoke. Msiwaite. Msiwakonyeze. Mimi nakwenda zangu chumbani kupumzisha mgongo." Mize akaingia chumbani, akashusha pazia, akakaa kitandani. Mara ya kwanza siku ile kukaa.

Wanaume wakangoja, wananusa seredani. Hawakungoja sana. Nyumba yenye watoto watatu huhitaji kungoja?

Akaja Kombo, mguu mmoja una kiatu, mguu mmoja mtupu. "Baba!"

Makame akaruka kutoka kwenye mkeka! "Mmesikia? Mmesikia? Kaniita mimi! Damu hiyo!" Mkono wake ukafika kwenye kifuniko.

"Mwache amalize," akasema Khatibu.

"Sema mwanangu. Baba yako niko hapa. Unataka nini?"

Kombo akasema, "Baba, mama yuko wapi?"

Mkono wa Makame ukarudi polepole. "Wamtakia nini?"

"Kiatu changu kimepotea."

"Si uniulize mimi?"

Kombo akamtazama babake kwa huruma. "Wewe unajua kilipo?"

Makame hakujua. Hakujua hata viatu vile ni vya rangi gani.

Akaja Zuwena, utepe wa gauni unaburuzika, filimbi mkononi. "Ba'mkubwa!"

Khatibu akapiga paja. "Ehee! Filimbi imesema! Nieleze, binti yangu, nieleze."

"Ba'mkubwa, umemwona mama?"

"Mama wa nini? Mimi hapa!"

"Utepe wangu umefunguka. Unajua kufunga ua la kipepeo?"

Khatibu, mtu wa maneno, akaugeuza utepe mara mbili, akauachia.

Akaja Chumu. Chumu hakuja, alipita! Mbio, magoti yamebana, mikono tumboni. "Mjomba! Mjomba! Mjomba!"

Vuai akasimama kwa furaha. "Mara tatu! Kaniita mara tatu! Firigisi leteni huku!"

"Mjomba, mama wapi? Mkojo!"

"Mkojo?" Vuai akarudi nyuma hatua mbili. "Mwanangu, si tuko watu wazima watatu hapa, hatutoshi?"

Chumu akawatazama, mmoja, wawili, watatu. Akatikisa kichwa. "Hamtoshi."

Na watoto wote watatu wakafungua vinywa, wakaita kwa pamoja, nanyi niitikieni:

— Mamaaaa!

Pazia likafunguka. Mize akatoka. Akasema, "Kombo, kiatu kiko chini ya mtungi, ulikivua ulipokunywa maji. Zuwena, geuka." Utepe ukafungwa, ua la kipepeo. Chumu akanyakuliwa, akapelekwa, akarudishwa. Mambo matatu, na makaa ya seredani hayajapata hata nafasi ya kuingia majivu. Kombo na Zuwena wakatoka tena nje kama waliokwisha sahau kwamba walikuwa na shida.

Mize akasimama mbele ya wanaume. "Haya, nisaidieni. Kombo alimtafuta nani?"

Makame akatazama mkeka. "Wewe."

"Zuwena alimtafuta nani?"

Khatibu akatazama dari. "Wewe, shemeji."

"Chumu je?"

Vuai akaangua kicheko, hakuweza kujizuia. "Wewe, dada! Sisi alituuliza njia tu!"

Khatibu alijaribu. Watu wa maneno huwa hawakosi kujaribu. "Lakini tulikuwa tunashindana sisi watatu..."

"Mliapa ni yeyote humu ndani," akasema Mize. "Mimi nilikuwa wapi? Jikoni kwa jirani?"

Majirani walikuwa wameshajaa dirishani. Mnajua watu wa Mcheleni, harufu ya ugomvi huwafikia kabla ya harufu ya pilau. Bibi mmoja akasema, "Ada imesema, apewe!" Wengine wakadakia, apewe, apewe, na vigelegele vikaanza kabla firigisi haijatoka kwenye kikaango.

Makame akainuka. Mwenyewe, bila kuambiwa. Akafunua kifuniko, akaweka firigisi kwenye sahani, akaileta kwa mikono miwili. Akasogeza watu, akampa mkewe pale mahali pake, mbele ya sinia. "Kaa, mama watoto," akasema. "Na unisamehe. Niliona shingo, sikukuona wewe."

Mize akakaa. Akakunja miguu vizuri, akanawa. Firigisi inatoa moshi. Akaishika.

Na hapo, wenye watoto mnajua, hapo Chumu akaja mapajani, akafumbua kinywa kama kinda la ndege. "Mama. Aaa."

Dirisha zima likanyoosha shingo. Moyo wa Mize ukavutwa. Mkono ukaanza kwenda kwa mtoto, ulikokuwa ukienda miaka yote na kila kilicho kitamu. Ukaenda, ukaenda, nusu ya njia ukasimama. Mize akachukua paja la kuku kwa mkono wa pili, akampa. "Lako hili. Hili la mama."

Akaitia firigisi kinywani, yote, haikukatwa. Akatafuna, ikalia. Akafumba macho. Vigelegele vilivyopigwa siku ile vilifika kisiwa cha pili kabla ya Vuai kurudi.

Hajameza, sauti nje: "Mamaaaa! Zuwena kanipasulia pulizo langu!"

Miguu ya Mize ikainuka yenyewe, kwa mazoea. Lakini Makame alikuwa ameshasimama. Akatoka mbio hadi mlangoni, kofia imekaa upande.

"Una nini, Kombo?"

"Simtaki baba! Namtaka mama!"

"Mama anakula."

Kombo akadhani hakusikia. "Mama anafanya nini?"

"Anakula!" Makame akapaza sauti, mtaa mzima ukasikia. "Mama anakula! Njoo kwangu mpaka amalize!"

Na tangu nyumba ile isimamishwe nguzo yake ya kwanza, maneno yale yalikuwa hayajapata kusemwa ndani yake.

Ngano, ngano!
— Ngano imeshuka jikoni!
Imeshukaje?
— Imeshuka ikiwa moto!
Aliyeshiba?
— Ashukuru!
Asiyeshiba?
— Aulize mpishi kala nini!