Mkono wa Mzee Mbelwa

Sogeeni karibu, maana leo sina sauti ya kupaza. Nimerudi jana kutoka Tanga, safari ya tatu mwezi huu, miguu imevimba, na kesi niliyoitiwa sijaimaliza. Nawaletea ninyi mnisaidie.

Kaka yangu Mbelwa ana watoto watatu, wote watu wazima, na wote bado wanaishi kwake Ngamiani, huko huko Tanga. Mhina, mkubwa, ana mikono ya ufundi. Mpe kitu kilichofunguliwa vipande hamsini, atakirudisha kilivyokuwa. Mwantumu ni fundi cherehani, naye kajaliwa pua. Mtu akiunguza maharage mtaa wa pili, yeye ndiye wa kwanza kujua. Sufiani, kitinda mimba, ana moyo wa kukaa na mtu. Anaweza kukaa nawe kutwa nzima asikuchoshe wala asichoke. Mimi hilo siliwezi, na nyumbani kwangu wanalijua.

Kaka mwenyewe ana ugonjwa wake wa siku nyingi: habandui nailoni. Kitu kipya kikiingia kwake, nailoni inabaki ili kisichakae. Makochi, rimoti, jokofu, vyote vimevaa nailoni miaka nenda rudi. Ukikaa kwenye kochi lake mchana wa joto, unainuka nalo. Watoto wamekulia humo, wanaona ndivyo vitu vilivyo.

Mwaka jana kaka akapata kiharusi. Mkono wa kulia ukafa, maneno yakawa mazito. Hospitali wakampa mpira wa kuminya ili vidole viamke. Akautupa kwa mkono wa kushoto, akasema yeye si mtoto wa kuchezea mpira, akageukia ukutani. Tulibembeleza, tukahuzunika, kisha tukachoka. Sitawadanganya, tulichoka.

Sasa nyumba ile ilikuwa na kompyuta moja tu, kuukuu, na watatu hao waliigombania kucheza gemu. Rafiki zao wakija, kiti chake hakipoi. Mhina alikuwa ameshasema ataunda mpya. Miaka miwili alikusanya vipande, leo kasha, baada ya miezi kadi ya picha, vingine akavingoja kutoka Dar mpaka sisi tukasahau. Vilipotimia akavipanga mezani, akafunga kimoja kimoja kutwa nzima, chai ikapoa pembeni yake. Kompyuta ikawaka, gemu likaanza, wakashangilia. Baada ya dakika chache ikazima. Wakaiwasha, ikazima tena. Ikawa hivyo siku nne.

Siku ya tano Mhina, macho mekundu, akashika bisibisi aichinje ile kuukuu, atoe vipande vyake ajaribishie kwenye mpya. Hapo Mwantumu akaingia, akainamia lile kasha jipya, akanusa.

"Usiifungue hiyo ya zamani," akamwambia kaka yake. "Humu kuna nailoni inapigwa pasi."

Mhina akambishia kwamba ndani ya kompyuta hakuna nailoni. Mwantumu akajibu kuwa ameunguza nguo za wateja kiasi cha kutosha kuijua harufu hiyo. Wakafungua. Chini ya feni kubwa, pale kitako chake kinapokaa juu ya prosesa, ubongo wa kompyuta, ili kuipoza, nailoni ya kiwandani ilikuwa bado imebandikwa, ikizuia joto kutoka. Mhina aliiona wakati wa kufunga, akaiacha. Kitu kipya, abandue ya nini? Wakaibandua, na kompyuta haikuzima tena. Ile kuukuu ikasalimika.

Wote wakahamia kwenye mpya, isipokuwa Sufiani, na yeye ndiye mchezaji wao hodari. Akaichukua kuukuu, akaipuliza vumbi, akafuta gemu zake zote alizozihangaikia miaka, akaweka mchezo wa karata peke yake, akaisogeza kando ya kitanda cha baba. Kaka yangu anapenda karata kuliko wali. Akaanza kuzicheza kwa mkono wa kushoto. Sufiani anahamishia kipanya upande wa kulia, baba anakirudisha, Sufiani anakihamisha tena bila neno. Miezi mitano. Chumba cha pili wenzake wanacheka na gemu jipya, naye yuko pale, anauinua mkono wa baba na kuulaza juu ya kipanya.

Asubuhi moja vidole vya kulia vikaacha kipanya vikaenda kwenye kibodi. Nayo ilikuwa na nailoni yake tangu siku iliponunuliwa. Vikaanza kuichokonoa pembeni. Kaka yangu, yule yule wa makochi, akaibandua polepole mpaka mwisho, akaiacha ianguke sakafuni. Nilikuwepo, na nililia.

Wiki ile akatuita wote, akatamka kwa shida: "Chumba cha mbele ni cha aliyenirudishia mkono." Akalala, na tangu hapo hajamtaja mtu.

Chumba hicho mlango wake uko barabarani. Mhina anakitaka afungue karakana ya kompyuta. Mwantumu ameshonea kwenye baraza la nyumba ya watu miaka sita, mvua ikinyesha anabeba cherehani kichwani. Sufiani ana mchumba na hana pa kumweka.

Mhina anasema bila ile mpya, kuukuu isingepata nafasi hata siku moja ya kumfikia mzee. Mwantumu anasema bila pua yake, kuukuu ingekuwa vipande mezani. Sufiani hasemi sana, anasema tu kwamba kompyuta haikumshika baba mkono. Nikimsikiliza mmoja naona ndiye, akija mwingine naona ndiye. Nimewaambia wakigawane, lakini ni chumba cha kitanda kimoja na meza. Siku hizi hawali tena sinia moja.

Jana niliingia kumuaga kaka. Kompyuta ilikuwa imezimwa, na mkono wa kulia ameuficha chini ya shuka. Nikamuuliza kama unamuuma.

"Hauumi," akasema. "Lakini ukifanya kazi, wanangu wanagombana."

Nimewaahidi kurudi Ijumaa na jina moja, na hapa nilipo sina hata nusu ya jina. Ninyi mmeyasikia yote. Yuko aliyeunda, yuko aliyenusa, yuko aliyekaa. Je, wewe ungempa nani chumba kile, ili kaka yangu autoe mkono wake nje ya shuka?